Wapenzi wa hadithi za kutisha na mauaji: mwisho uelezwe au uachwe gizani? (Na nina kitabu kisicho na mwisho)

#1 Mzee wa Kurasa

Wakuu, habari za usiku.

Nimekuwa msomaji wa kimya kimya humu kwa miaka, leo nimeona nami nifungue uzi. Nawaita wale wenzangu ambao watu wakitafuta hadithi za mapenzi, sisi tunatafuta mizimu, sumu kwenye chai, na nyumba ambayo mpangaji wa mwisho alihama usiku bila kuaga. Mke wangu huniuliza: mtu mzima na akili zako, unatoa hela ili utishwe? Sijawahi kumpa jibu la maana. Ninachojua ni kwamba nikitoka kazini kichwa kimejaa, dawa yangu ni kitanda, taa ndogo, na maiti ipatikane mapema, isizidi ukurasa wa kumi.

Kilichonileta ni hiki. Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi Dar. Jumamosi moja nikapita kwa wale wauza vitabu wanaopanga chini, maeneo ya Posta, nikanunua kijitabu kwa shilingi 200. Hakina kava, hakina jina la mwandishi, karatasi zimekuwa za njano na kinanuka banda la kuku. Kinaanzia ukurasa wa 5. Nilikichukua kwa sababu ya jambo moja tu lililokuwa juu kabisa ya ukurasa huo: karani amehamishiwa shamba la mkonge, anakabidhiwa nyumba, na funguo za nyumba analetewa zikining'inia kwenye ncha ya kijiti. Aliyezileta hakutaka kuzishika.

Karani anakaa peke yake. Kila usiku, saa ile ile, anabisha mwanamke. Karani hafungui, wanasemezana mlango ukiwa katikati. Mama anaomba kuazima sindano. Watu wa pwani hapo mmeshaguna, maana sindano haiazimwi usiku. Karani ni mtu wa bara, hajui hayo. Anaipenyeza chini ya mlango. Asubuhi anaikuta juu ya meza, ndani, mlango ukiwa na komeo lake, na sindano ina uzi mweusi wa urefu wa kidole. Usiku wa pili anaombwa tena. Asubuhi uzi umerefuka. Kurasa zinakwenda hivyo hivyo, hakuna anayepiga kelele, hakuna damu. Isipokuwa mnyapara mmoja hakuja kazini siku mbili, na aliporudi alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Halafu dobi. Halafu mtoto wa dobi.

Ukurasa wa 92, mstari wa mwisho, karani amechoka. Anaondoa komeo, anavuta mlango, anainua kandili ili amwone huyo mama uso.

Basi. Ukurasa wa 93 haupo.

Wakuu, tangu 1998. Nimesoma vitabu vingi vyenye mwisho kamili na nimevisahau hadi majina ya wauaji. Hiki bado kinaniamsha nikague komeo. Ndiyo maana nauliza: kama ningekuwa na zile kurasa ningeogopa mpaka leo? Au mwandishi angeniambia kwamba yule mama ni mke wa mnyapara anayetorosha pesa za mishahara, nami ningefunga kitabu nikalala zangu? Nyie mnapenda ipi, ya kuelezwa yote au ya kuachwa umeshika kandili?

Na kama kuna anayekijua kitabu hiki anipe jina. Jina tu. Mwisho asiniambie kwanza.

#2 Kalumanzila

Naweka kambi hapa. Godoro nimeshatandika.

#3 Yakhe wa Mkunazini

Mzee wa Kurasa, hadithi umeipamba vizuri, lakini mie sikubaliani nawe hata kidogo. Unasifia kitabu kilichoraruka!

Sisi huku tumelelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ukachapishwa 1960, na mpaka leo sijaona aliyempita. Maiti imekutwa mzimuni, mahala ambapo watu wanakwenda kutambika, na kila mtu ana jibu lake tayari: wakubwa wamekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anatoa moshi, anauliza maswali ya kijinga kijinga. Saa ngapi? Nani alikuwepo? Viatu gani? Na mzimu unapungua, unapungua, mpaka unamuona binadamu aliyekuwa kajificha nyuma yake.

Utamu wangu uko hapo. Ile hofu ya mwanzo ninaila, kisha ninaiona inavyovuliwa nguo moja moja. Hadithi inayokuacha gizani, kwangu mie, mwandishi kashindwa kazi akaita ushindi.

#4 Msomaji wa Kitale

Yakhe, heshima kwa Bwana Msa, lakini hapo umechanganya mambo mawili. Ile ni hadithi ya upelelezi. Mlango lazima ufunguliwe kwa sababu msomaji ameahidiwa hivyo tangu mwanzo. Hadithi ya kutisha haijamwahidi mtu chochote.

Tukiwa bweni kidato cha pili mwalimu mmoja alitusomea wakati wa prepu hadithi fupi ya Mwingereza W. W. Jacobs, ya mwaka 1902. Kuna mkono wa kima uliokaushwa, unatimiza matakwa matatu. Mzee anaomba pauni 200. Kesho yake anakuja mtu kutoka kiwandani: kijana wenu amenaswa na mashine, pole, na kampuni imetoa pauni 200. Mama anamlazimisha mzee aombe kijana arudi. Usiku mlango unagongwa. Mama anakimbilia komeo, mzee anapapasa sakafuni akitafuta ule mkono. Anaomba ombi la tatu. Kimya. Mlango unafunguliwa na nje kuna barabara tupu chini ya taa.

Mwalimu akafunga kitabu akatuambia tukalale. Hakuna aliyeenda msalani usiku ule, na sitaeleza zaidi kuhusu magodoro ya asubuhi. Sasa niambie, angetuonyesha yule kijana alivyokuwa, ungebaki na nini? Nyama ya kusaga na huruma. Ametuonyesha barabara na mpaka leo tunamwona huyo kijana, kila mtu na wake.

#5 Mjukuu wa Mlokole

Samahani kuingilia. Hamuoni kwamba mnafungulia milango msiyoweza kuifunga? Bibi yangu alikuwa akisema mapepo hayahitaji tiketi. Vitabu hivi mimi sivilazi nyumbani.

#6 Nesi wa Zamu

Mjukuu wa Mlokole, nakuheshimu, na nyumbani kwako ni kwako. Ila niseme upande wangu.

Nafanya zamu za usiku wodini. Nimeshafunga macho ya watu wengi. Nikiwa na nusu saa ya kupumzika, wenzangu wanaangalia vichekesho kwenye simu, mimi nasoma mauaji. Wananishangaa. Lakini kifo cha wodini kinanijia kikitaka nifanye kitu: nipige simu, nijaze fomu, nikamkabili mama mtu kwenye korido. Kifo cha kitabuni hakinitaki chochote. Naweza kutetemeka vizuri, kwa raha zangu, halafu naweka alama kwenye ukurasa na kurudi kwa wagonjwa.

Watafiti wa Denmark waliwahi kuwafunga vipimo vya mapigo ya moyo watu 110 waliokuwa wakipita kwenye nyumba ya vitisho, zile watu wanalipa kiingilio ili kukurupushwa na vinyago na misumeno, na matokeo yakatoka 2020. Waliofurahia zaidi hawakuwa walioogopa sana wala wasioogopa. Walikuwa wa katikati. Nilipoisoma nilicheka, kwa sababu hivyo ndivyo bibi yangu alivyokuwa akipima alipotusimulia hadithi za zimwi. Akiona mdogo wetu ameanza kushika nguo yake kwa nguvu, zimwi linakwenda kunywa maji mtoni. Tukianza kupiga miayo, zimwi linarudi.

#7 Kalumanzila

Zimwi linakwenda kunywa maji mtoni 😂😂 Hiyo ndiyo "itaendelea" ya zamani.

#8 Mzee wa Kurasa

Nesi, hapo umenipa jibu la kumpelekea mke wangu.

Kalumanzila umenikumbusha kidonda. Hawa watunzi wa simulizi za simu. Sehemu ya kwanza bure, ya pili bure, mpaka ya kumi umeshanasa. Halafu "like zikifika 300 naendelea". Halafu "anayetaka zote anitumie 2,000". Nilitoa, wakuu. Nilitoa kwa simulizi moja ya mochwari, mlinzi mpya anahesabu maiti jioni kumi na nne, asubuhi kumi na tano. Sehemu ya 23 mlinzi anaanza kufunua shuka moja moja. Mtunzi hakurudi tena. Namba haipatikani. Sikuumia kwa ile elfu mbili. Niliumia kwa sababu nilijua kabisa sehemu ya 24 hakuwa nayo. Alikuwa ameandika mpaka pale alipoishiwa.

Kwa hiyo Yakhe, nakubaliana nawe kidogo. Kuna kuacha gizani kwa makusudi, na kuna kuishiwa mafuta ya taa.

Na hao wapelelezi wa mbio wa riwaya zetu, akina Willy Gamba na Joram Kiango, nawapenda sana, lakini hofu yao ni ya miguuni. Unasoma huku unataka kukimbia. Ya karani wangu ni ya mgongoni. Hutaki hata kugeuka.

#9 Yakhe wa Mkunazini

Hofu ya miguuni, hofu ya mgongoni. Hiyo nimeipenda, naiiba.

Lakini nikwambieni kwa nini mie nataka nielezwe. Mwaka 1995 nilikuwa kijana Unguja wakati wa Popobawa, yule pepo aliyesemwa anavamia watu usiku vitandani. Ilianzia Pemba, ikavuka. Watu wazima, wenye ndevu, walilala nje barazani kwa makundi, moto umewashwa, hakuna aliyetaka kulala chumbani peke yake. Sisi kwetu tulilala uani wiki nzima, na babangu mwenye maneno mengi hakusema neno. Yakhe, hakuna aliyesoma kitabu cha kutisha wakati ule. Hakuna! Na mie nilikuwa navyo chini ya kitanda.

Mtu wa Ulaya anasoma habari za jini akijua moyoni kwamba jini hayupo, ndio maana anafurahi kuachiwa mlango wazi. Mie nasoma habari za jini na mama mkwe wangu ana jini wake kabisa, akipandwa anataka halua na marashi. Jini kwetu ni jamaa wa ukoo! Ukiniachia mlango wazi mie, anaingia mtu ninayemjua.

#10 Msomaji wa Kitale

Wacha nicheke kwanza, halafu nikujibu. Hiyo ya mama mkwe ni point kali.

Lakini basi si ndiyo sababu karani wa Mzee wa Kurasa anatisha? Mwandishi hakuleta jini mwenye kwato za punda, yule kila mtu wa Mombasa ana binamu aliyewahi kumpa lifti. Alileta sindano. Kitu kilichoko kwenye droo yako sasa hivi.

Stephen King ana kitabu cha 1981 kinachochambua hadithi za aina hii. Anamnukuu mwenzake: ukifungua mlango ukaona mdudu wa urefu wa futi kumi, msomaji anapiga kelele, lakini kelele yenyewe ina nafuu ndani yake. Msomaji anajiambia: nilidhani atakuwa wa futi mia. Hivyo ndivyo mlango unavyofanya kazi. Chochote utakachokiweka nyuma yake ni kidogo kuliko nilichokiweka mimi.

#11 Nesi wa Zamu

Malizia basi, Kitale. King huyo huyo anaendelea kusema kwamba yeye anaona heri kuufungua. Kukaa na mlango umefungwa mpaka mwisho ni kucheza ukitafuta sare.

#12 Msomaji wa Kitale

Nimeshikwa. 🙈

#13 Bint Pangani

Assalaam alaykum wote. Nimesoma uzi huu tangu jana na nilikuwa najizuia.

Kaka Mzee wa Kurasa, hicho kitabu kipo kwetu.

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga, mguu mmoja mfupi. Chini ya ule mguu kulikuwa na kijitabu. Siku cherehani ilipohamishwa nilikiokota nikakisoma kwa siku moja, chini ya mkorosho, mchana kweupe, na bado niliogopa. Karani, mkonge, sindano, mnyapara na kitambaa chake. Dobi. Mtoto wa dobi. Ninacho mpaka leo, kiko kwenye mkoba wa vyeti.

Sikuandika mapema kwa sababu jana usiku nilikwenda kukitoa ili nikupe jina. Kava hakina. Nikafungua. Kinaanzia ukurasa wa 5. Nikaenda mwisho. Kinaishia 92. Anainua kandili.

Mimi miaka yote nilidhani ni mguu wa cherehani uliokichana.

#14 Kalumanzila

Wakuu godoro nalikunja. Narudi kulala na mama.

#15 Mzee wa Kurasa

Bint Pangani, niapie.

#16 Bint Pangani

Sina haja ya kuapa kaka. Ukurasa wa 40 kuna kosa la chapa, "komeo" imeandikwa "komoe". Angalia chako.

#17 Mzee wa Kurasa

Ipo. Komoe.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nimewasha taa ya sebuleni.

#18 Mpiga Chapa

Haya jamani, tulieni. Nimefanya kazi ya uchapaji miaka kumi na moja, mingi kwenye kukunja na kupiga pini. Mzee wa Kurasa, naomba unijibu kitu kimoja. Kitabu chako kina mgongo wa gundi, au kimekunjwa katikati na kupigwa pini mbili?

#19 Mzee wa Kurasa

Pini mbili. Zimeshika kutu.

#20 Mpiga Chapa

Basi kilikuwa na kurasa 96. Jumlisha ukurasa wa kwanza ulio nao na wa mwisho: 5 na 92 ni 97. Toa moja.

Chukua karatasi, ikunje katikati. Umepata kurasa nne. Sasa panga karatasi 24 moja ndani ya nyingine, piga pini kwenye mkunjo, una kitabu cha kurasa 96. Ile karatasi ya nje kabisa, upande mmoja ni ukurasa wa 1 na wa 2, upande wa pili ni wa 95 na 96. Ni karatasi moja! Inayofuata ni 3 na 4, na ng'ambo yake 93 na 94. Kwa hiyo kitabu cha pini hakiwezi kupoteza mwanzo wake bila kupoteza mwisho. Jina la mwandishi na uso wa yule mama vilikuwa kwenye karatasi zile zile. Pini ikila kutu inakata kuanzia nje, kwanza kava, kisha karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Chumvi ya hewa ya pwani inasaidia.

Hakuna aliyechana kitu. Laleni.

#21 Yakhe wa Mkunazini

ALLAHU AKBAR! Huyu ndiye Bwana Msa! Mpeni kiko! Nilikwambieni, nilikwambieni! Semeni sasa, hamkusikia raha hapo pale 97 ilipotoka?

#22 Msomaji wa Kitale

Nimesikia. Nakubali. Nimehesabu kwa vidole halafu nikachukua daftari la mtoto nikakunja karatasi kabisa.

#23 Mzee wa Kurasa

Mimi nimesikia raha na nimesikia kitu kimepungua. Miaka yote hiyo nilidhani kuna mtu aliyezing'oa. Nilikuwa nimeshampa hadi sura.

#24 Nesi wa Zamu

Mpiga Chapa, hesabu yako imesimama, siipingi. Ila nina swali la zamu ya usiku. Kitabu kimoja kilikuwa Dar, kingine chini ya cherehani Pangani. Kwa nini vyote viwili vimepoteza karatasi mbili? Si moja, si tatu?

#25 Mpiga Chapa

Bahati, Nesi. Au pini za toleo lile zilikuwa mbovu kwa namna moja. Nakala mbili ni chache mno kusema lolote. Ikipatikana ya tatu na nayo inaanzia ukurasa wa 5, nitakuja kukaa upande wenu.

#26 Kalumanzila

Wakuu, msicheke. Nimemsimulia mjomba hii habari kwa simu. Anasema karani na sindano anamjua, kitabu anacho, kiko kwenye sanduku lake Korogwe. Ijumaa nakwenda huko kwenye arobaini, nitakifungua mwenyewe.

#27 Mzee wa Kurasa

Angalia kinaanzia ukurasa gani, utuambie hapa. Kikiwa kizima, mwisho usisome. Tafadhali.

#28 Mpiga Chapa

Piga picha na pini.

#29 Kalumanzila

Nimefika. Sanduku liko chumba cha nyuma, umeme hamna huku tangu jana. Mjomba ameenda kunitafutia kandili.

#30 Bint Pangani

Kalumanzila, leo Jumatatu. Vipi?